Kuku Wasiohesabiwa Jumapili

Wewe ungepiga simu? Ni Jumapili asubuhi, umesimama katikati ya banda lako, kuku wamejikunyata kimya, na unajua kabisa kwamba ukimpigia daktari wa mifugo, kuku wako wote, wazima kwa wagonjwa, watauawa kabla wiki haijaisha. Ungepiga?

Usijibu haraka. Wanaojibu haraka ni wengi, hasa wale wanaokula mayai bila kujua yanatoka wapi. Wulfert van Ravenhorst naye angejibu haraka kama ungemuuliza siku nyingine, akiwa ameshika kikombe cha kahawa na kuku wake wakiwa wazima. Angekwambia, "Bila shaka. Sheria ni sheria." Kisha angekusogezea keki ya siagi.

Wulfert ni mtu wa kawaida wa huku kwetu. Ni mrefu, mikono mipana, maneno machache. Ana banda moja alilojengewa na baba yake, nyuma ya msitu wa misonobari, na kuku wa mayai wanaowatosha yeye na mkewe Aaltje bila kuajiri mtu. Siku za kazi huvaa ovaroli ya bluu iliyopauka magotini. Jumapili huvaa suti nyeusi na kwenda kanisani mara mbili, asubuhi na jioni. Hapa kijijini Jumapili hakuna anayeanika nguo. Hakuna anayeosha gari. Kuna maduka ambayo hata tovuti zake hufungwa siku hiyo, ukigonga unakuta maandishi ya kukutakia pumziko jema.

Ila kuku hapumziki. Jumapili hutaga kama Jumanne. Kwa hiyo wazee wetu zamani walikata shauri: kumlisha mnyama na kumpa maji si kazi, ni huruma, na mayai yataokotwa ili yasivunjwe. Lakini kuhesabu ni kazi. Mayai ya Jumapili huwekwa pembeni kwenye trei bila kuhesabiwa, na kuku waliokufa hutupwa kwenye pipa la mizoga bila kuhesabiwa. Hesabu ni ya Jumatatu.

Mpango huo ulifanya kazi vizuri kwa miaka mingi, mpaka alipokuja Karani.

Karani ni jina walilompa wenyewe, kwa mzaha. Ni programu iliyomo kwenye kishikwambi, aliyoileta binti yao Gerdine alipotoka chuo cha kilimo, baada ya kampuni inayonunua mayai kuwataka wafugaji wote waweke kumbukumbu kwa njia hiyo. Kila asubuhi Wulfert huingiza mayai, chakula, mita ya maji, na vifo. Karani hujumlisha, huchora mistari, na mambo yakienda sawa ukurasa huwa wa kijani. Vifo vikipanda ghafla, au maji yakishuka ghafla, ukurasa hugeuka mwekundu, na wekundu huo humfikia daktari wa mifugo papo hapo, hata kabla mwenye kuku hajaweka kikombe mezani.

Mwanzoni Wulfert alimchukia Karani. Baadaye akamzoea, halafu akaanza kumpenda kimyakimya, kama mtu anavyompenda mkwe asiye na maneno mengi.

"Karani amesemaje leo?" Aaltje humuuliza kila asubuhi akimmiminia kahawa.

"Anasema kahawa hii ni nyepesi."

"Mwambie ajipikie."

Tatizo la Karani lilikuwa moja tu: hakuijua Jumapili. Ukiacha siku wazi, hakuruhusu uandike ya kesho yake. Wafugaji wa kijiji walikuna vichwa, wakapata dawa bila hata kuitana mkutano. Jumatatu asubuhi unahesabu vyote pamoja, mayai ya jana na ya leo, vifo vya jana na vya leo, maji ya jana na ya leo. Kisha unagawa mara mbili. Nusu unaiandika Jumapili, nusu Jumatatu. Na Jumamosi jioni Karani anawekwa kabatini pamoja na vikombe vizuri vya wageni, mlango unafungwa, hatazamwi tena.

Gerdine alipoligundua hilo alishika kichwa. "Baba, nusu kwa nusu si hesabu. Huko ni kubahatisha."

"Kuku wangu hawajui kubahatisha. Siku zote zinafanana."

"Zinafanana mpaka siku zisipofanana!"

"Siku hiyo tutaiona," alisema Wulfert, na mazungumzo yakaishia hapo, kwa sababu uji wa maziwa ulikuwa unapoa.

Basi siku hiyo ikaja, na ikaja Jumapili, mwezi Machi, mabata bukini wakiwa wametanda kwenye malisho ya jirani kama nguo zilizoangushwa na upepo. Serikali ilikuwa imekwisha kuagiza kuku wote wafungiwe ndani kwa sababu ya mafua ya ndege. Kila mlango wa banda ulikuwa na beseni la dawa la kukanyagia.

Wulfert alijua kabla hajawasha taa. Banda lenye afya lina mvumo wake, kama kanisa kabla ibada haijaanza, watu wakinong'onezana na kukohoa. Asubuhi ile mvumo ulikuwa chini. Aliwasha taa. Kuku walikuwa wamejivuta ukutani, manyoya wameyafurisha, vichwa wameviinamisha. Wachache walimjia, si wote. Karibu na viota palikuwa na waliokufa, na kilemba cha nyama kichwani mwa mmoja wao kilikuwa kimegeuka rangi ya zambarau.

Akasimama. Miguu ilimwambia arudi nyumbani achukue simu. Hakurudi.

Mara moja katika maisha yake alishaona jinsi inavyokuwa. Ilikuwa miaka mingi nyuma, Gerdine akiwa bado shule ya msingi. Watu wa mavazi meupe walikuja na mitungi ya gesi, wakaziba nyufa zote za banda kwa plastiki, na Aaltje akakaa jikoni akiimba zaburi kwa sauti kubwa ili asisikie. Halafu ukaja ukimya. Wulfert huwa hausimulii ukimya ule. Siku ile alimwambia mkewe, "Tena, hapana. Siwezi tena." Na alimaanisha.

Kwa hiyo Jumapili ile aliokota mizoga akaitia kwenye toroli. Macho yake yalihesabu. Yeye alikataa kupokea jibu. Alipofika kwenye pipa alimimina yote kwa pamoja, akafunika, akanawa mikono muda mrefu kuliko kawaida, akaenda kuvaa suti.

"Kuku hawajambo?" aliuliza Aaltje akimnyooshea kola.

"Hawajambo."

"Mbona umenyamaza hivyo?"

"Jumapili."

Hili ndilo linalouma, na lazima lisemwe wazi. Kanisa lenyewe halikumkataza. Mnyama anapougua, hata mzee wa kanisa aliye mkali kuliko wote hapa kijijini angemwambia, piga simu, mwanangu, huruma haina siku. Wulfert alilijua hilo tangu akiwa mtoto wa kuvaa kaptula. Lakini Jumapili ilimfaa. Ilikuwa nene na nyeusi kama pazia, na nyuma ya pazia lile kuku wake walikuwa bado hai.

Kanisani alikaa mahali pake pa siku zote, nyuma ya jirani yake Brand Hooijer. Brand ana banda upande wa pili wa barabara, mkabala kabisa na la Wulfert. Ni mtu mfupi, mchangamfu, shingo nyekundu, na ndiye pekee hapa kijijini anayeweza kufanya mzaha kwenye mlango wa kanisa bila kukaripiwa. Mahubiri yalipoanza, Brand alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama afanyavyo kila Jumapili, akiwa na peremende kiganjani. Wulfert aliichukua. Haikuyeyuka. Aliigeuza mdomoni mpaka amina ya mwisho, ikawa kama kijiwe.

Nje, watu wakivaa makoti na kushika baiskeli zao, Brand alimgonga bega.

"Haya, jirani. Zamu yangu ya kahawa. Heintje ameoka, na safari hii keki haikuungua upande wa juu."

"Leo sitakuja, Brand. Tumbo."

"Tumbo, au mahubiri yamekuchoma?"

"Tumbo."

Brand alicheka, kisha akamwangalia vizuri. "Kuku wazima?"

Watu wawili, kando ya ukuta wa kanisa, upepo ukiwapiga. Neno moja lingetosha. Brand angefunga geti lake siku ileile, asingepokea mtu wala gari.

"Wazima," alisema Wulfert. "Na wako?"

"Wangu? Wanakula kama wageni wa harusi. Basi pona, bwana. Nitakula kipande chako."

Mchana Gerdine alikuja na baiskeli kula supu, maana ameolewa kijiji cha pili. Hakupita bandani, wakati wa mafua ya ndege hakuna anayepita bandani isipokuwa mwenyewe. Lakini alimwona baba yake akizungusha kijiko kwenye supu bila kukipeleka mdomoni.

"Baba, kuna nini?"

"Hakuna."

"Mama, kuna nini?"

"Anasema Jumapili," alijibu Aaltje.

Gerdine aliweka kijiko chini. "Kuku wamekufa?"

"Kuku hufa, Gerdine. Kila siku anakufa mmoja wawili."

"Leo wangapi?"

"Leo hatuhesabu."

"Baba!"

"Usipandishe sauti kwenye meza hii."

"Sipandishi sauti. Nauliza. Wengi au wachache?"

Wulfert alitazama dirishani. "Wachache," alisema.

Ni binti yake, anamjua. Gerdine akauliza taratibu, kwa sauti ambayo ilimchoma kuliko kelele: "Unamwogopa nani, baba? Mungu au daktari?"

"Usinifundishe Jumapili kwenye nyumba yangu."

"Sikufundishi. Kanisa linaruhusu, unalijua hilo kuliko mimi. Nitoe kile kishikwambi kabatini? Angalau usome mita ya maji, tuone."

"Kesho," alisema Wulfert, akainuka na kwenda kulala, jambo ambalo hakulifanya mchana wowote tangu aoe. Gerdine alibaki akimtazama mama yake. Aaltje akaanza kukusanya sahani. Wangeweza kwenda bandani wao wenyewe. Hawakwenda. Hapa kwetu hufungui mlango wa banda la mtu, hata kama ni la baba yako, hata kama ni la mumeo.

Jumatatu asubuhi waliokufa walikuwa wengi zaidi. Safari hii alihesabu, kwa sababu ilikuwa Jumatatu. Alikwenda kwenye pipa vilevile, akahesabu na wale wa jana, akasoma na mita ya maji: kuku walikuwa wamekunywa pungufu, ila ukigawa kwa siku mbili upungufu haukuonekana sana. Akarudi jikoni, akamtoa Karani kabatini, akakaa naye mezani.

Kama angeandika ukweli wa siku ya leo peke yake, ukurasa ungegeuka mwekundu. Aliujua mpaka wa wekundu ulipo. Miaka yote hii amekuwa akiutazama kama mtu anavyotazama kina cha mto. Kidole kilisimama juu ya kioo. Kisha akafanya kama alivyofanya Jumatatu zote. Akajumlisha. Akagawa. Nusu kule, nusu huku.

Kijani.

"Karani anasemaje?" aliuliza Aaltje kwa sauti ndogo. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Kijani," alisema Wulfert.

Angeweza kujitetea kwamba hakudanganya, alifuata desturi tu, ileile inayofuatwa na kila nyumba yenye kuku barabara nzima. Ndivyo alivyojitetea, kimoyomoyo, akiwa bado ameshika kishikwambi. Lakini desturi ile ilitungwa na watu walioamini kwamba siku zinafanana. Yeye alijua kwamba hazifanani, na akagawa hivyo hivyo. Hapo ndipo desturi ilipogeuka kuwa uongo, na hakuna aliyeiona ikigeuka isipokuwa yeye.

Kabla ya chai ya saa nne lori la mayai liliingia uani. Dereva alikanyaga beseni la dawa kwa haraka, akapakia trei, zikiwemo za Jumapili, akauliza habari ya mke, akalalamikia bei ya dizeli, akaondoka. Wulfert alisimama kwenye dirisha la chumba cha mayai akimtazama. Lori lilifika barabarani, likawasha taa ya kukata kona, likavuka moja kwa moja na kuingia kwa Brand. Aliona Brand akitoka na mikono yote miwili juu kama mtu anayekaribisha harusi. Mbio za kuvuka barabara hazikuwa ndefu. Wulfert alishika ukingo wa dirisha, hakukimbia.

Jumanne hapakuwa na nusu ya kuificha. Aliandika idadi ilivyo, na kishikwambi kikawaka chekundu kwenye meza ya jikoni, kati ya sukari na siagi. Simu ililia kabla hajavaa buti. Alikuwa Dokta Sietske, daktari wa mifugo, mwanamke wa kaskazini anayeongea kama mtu anayepiga misumari.

"Wulfert. Nimeuona ukurasa wako. Usitoke uani, nakuja. Ugonjwa ulianza lini?"

"Leo."

"Jana?"

"Kidogo."

"Jumapili?"

"Jumapili ilikuwa kama kawaida," alisema Wulfert.

"Naona hapa, Jumapili na Jumatatu idadi ni ileile. Sawa. Nakuja."

Dokta Sietske amefanya kazi huku kwetu muda wa kutosha kujua tunavyoandika Jumapili. Lakini hakumsukuma. Pengine alimhurumia, pengine alikuwa na simu nyingine. Alikuja na vazi jeupe, akachukua sampuli kooni mwa kuku, na siku iliyofuata majibu yakatoka kama kila mtu alivyojua yatatoka. Kwenye karatasi za wakaguzi ugonjwa uliandikwa kuwa umeanza Jumanne. Lori lilikuja Jumatatu. Kwa hiyo lori halikuwa na shida, na nyumba ambazo lori lile lilipita baadaye hazikuwa na haraka ya kupimwa.

Hilo ndilo lililomkosesha Wulfert chakula, kuliko hata kuku wake. Kila alipokaa mezani alikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja tu: ilianza Jumapili. Kila alipoifungua midomo, aliona mikono ya Brand ikiwa juu.

Alhamisi asubuhi walikuja na mitungi. Waliziba nyufa kwa plastiki. Aaltje hakuimba. Alikaa jikoni akiwa ameweka mikono mezani, na Wulfert akakaa mbele yake, na wote wawili walisikiliza mvumo wa banda mpaka ulipokwisha. Aliyekuwa amesema hawezi tena, aliweza. Hilo lilimshangaza na kumwaibisha. Kumbe linawezekana. Kumbe ile Jumapili nzima ya kujificha aliitumia kukimbia kitu ambacho binadamu anakivuka, akabaki amekaa kwenye kiti, anapumua.

Alisimama akachukua simu.

"Unampigia nani?" aliuliza Aaltje.

"Brand."

"Utamwambia nini?"

"Ulichokijua tangu Jumapili."

Aaltje hakukataa kwamba alikijua. Alivuta kiti karibu.

Brand alipokea mara moja. "Wulfert, jirani yangu. Pole sana, bwana. Tumekaa hapa na Heintje tunawaona wale jamaa wa mavazi meupe, hakuna aliyekunywa hata kahawa. Mkihitaji kitu, tutakiweka kwenye ukingo wa barabara."

"Brand, nisikilize. Ilianza Jumapili."

"Nini kilianza?"

"Ugonjwa. Jumapili asubuhi niliwakuta wamekufa. Wengi. Nilikuja kanisani hivyohivyo. Jumatatu nikagawa nusu kwa nusu ili ukurasa usigeuke. Lori likachukua mayai yangu, likaja kwako."

Upande wa pili mlango ulisikika ukifungwa, kama mtu amejitenga na wengine ndani ya nyumba.

"Niliuliza," alisema Brand. Sauti yake haikuwa na mchezo wowote sasa. "Nilikuuliza pale ukutani, kuku wazima? Ukaniambia wazima."

"Nilisema."

"Na peremende yangu ulikuwa nayo mdomoni."

Wulfert aliishika simu kwa mikono miwili.

"Kwa nini?"

"Sikutaka wafe."

"Hakuna anayetaka wafe, Wulfert! Unadhani mimi wangu ninawafuga niwazike?"

"Ilikuwa Jumapili, nikajiambia..."

"Hapo nyamaza." Brand alipandisha sauti. "Hapo hapo nyamaza. Sema uliogopa, nitakuelewa. Mimi mwenyewe ni mwoga kama sungura, muulize Heintje. Lakini usimsingizie Mungu kwenye simu yangu."

"Niliogopa," alisema Wulfert.

Aaltje alikuwa amesogea karibu kiasi cha kusikia mwenyewe.

"Wako wanaendeleaje?" aliuliza Wulfert hatimaye.

"Tangu jana hawana kelele," alisema Brand. "Maji yamepungua kidogo. Nikajiambia ni baridi. Nikasema nisubiri nione kesho." Kisha akatoa sauti fupi iliyotaka kuwa kicheko. "Unaona? Mimi hata kisingizio cha Jumapili sikukihitaji."

"Mpigie Sietske."

"Nampigia sasa hivi. Na wewe mpigie, mweleze la Jumapili na la lori. Lori lilipotoka kwangu halikwenda kulala. Kuna watu wengine kwenye barabara ile."

"Nitampigia."

"Wulfert."

"Naam."

"Sijui nitakuambia nini Jumapili ijayo. Sijui kama nitakuambia kitu." Akakata simu.

Wulfert alimpigia daktari. Alisimama wima alipokuwa akiongea, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Dokta Sietske alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akamwuliza lori liliingia saa ngapi, nani aligusa trei, Jumapili walikufa wangapi. Swali la mwisho alilijibu mara moja. Idadi ilikuwepo kichwani muda wote.

"Ungeniambia Jumanne," alisema daktari.

"Ndiyo."

"Ungeniambia Jumapili."

"Ndiyo."

"Haya. Acha nifanye kazi," akasema, na hakuaga.

Alasiri ile gari la Dokta Sietske lilipita mbele ya nyumba na kuingia kwa Brand, na usiku uleule majibu yakatoka. Magari mengine yaliondoka kuelekea kwenye mashamba ya chini ya barabara, ambako lori lilikuwa limepita. Gerdine alipiga simu. Alikuwa amejiandaa kupiga kelele, lakini alipoisikia sauti ya baba yake hakupiga. Alisema tu, "Nitakuja geti litakapofunguliwa, baba," na Wulfert akasema, "Njoo."

Asubuhi iliyofuata aliamka saa ileile ya kulisha, kwa mazoea, akavaa ovaroli, na akafika mpaka mlangoni ndipo akakumbuka kwamba hapakuwa na wa kulishwa. Akabaki amesimama pale kwenye kizingiti. Ng'ambo ya barabara, watu wa mavazi meupe walikuwa wamekwisha kuingia kwa Brand. Waliihamisha mitungi yao kutoka uani kwa Wulfert mapema, bila kusafiri mbali. Plastiki ilikuwa imebandikwa tayari kwenye matundu ya hewa. Walikuwa wamesimama kwenye kundi, wakisubiri, mmoja akiangalia saa yake.

Halafu Brand alitoka nyumbani kwake. Hakutazama upande wa barabara. Alisema neno na mkubwa wa wale watu, yule akatikisa kichwa kukubali, na Brand akaingia bandani peke yake, akafunga mlango.

Banda la Brand lina ukanda mrefu wa vioo chini ya paa, na taa za ndani zilikuwa zinawaka kwa nguvu zote, kama inavyotakiwa asubuhi. Kisha zikaanza kufifia. Hazikuzimika kwa mara moja. Zilipungua kidogo, zikatulia, zikapungua tena kidogo, zikatulia, kama mfugaji afanyavyo jioni ili kuku wapate muda wa kupanda kwenye fito zao na kutafuta mahali pa kulala bila kuogopa. Jua lilikuwa linachomoza nyuma ya misonobari, na kule ndani, taratibu, mtu alikuwa anawatengenezea usiku. Ukanda wa vioo ukawa rangi ya chungwa, halafu rangi ya kutu, halafu mweusi.

Mlango ukafunguliwa, Brand akatoka akiwa ameishika kofia yake mkononi, na wale watu wakafungua mitungi.